Muziki wa Bure kwa Ndoa ya Watu

Niliporudi Karuba, kwetu Masisi, na diploma ya informatique, masomo ya kompyuta, niliyojilipia mwenyewe kwa kubeba matofali Kampala, nilifungua chumba cha kutengeneza filamu za harusi. Diploma niliitundika ukutani, mkabala na mlango, anayeingia aione kabla ya kunisalimu. Mpaka leo hakuna mwingine kwenye vilima hivi anayekata na kuunga picha kama mimi.

Ndiyo maana nilishtuka mama mmoja muuza vitenge, mtu wa Butembo, alipoingia ameshika simu kama ushahidi.

"Papa, njo nini hii? Filamu ya mutoto wangu iko bubu!"

Ilikuwa filamu ya ndoa ya binti yake. Nilikuwa nimeipandisha mtandaoni ili mwanawe wa kiume, anayeishi Ulaya, aione. Chini ya picha niliweka rumba moja ambayo kila mtu anaijua. Mtandao ukatambua kwamba wimbo una wenyewe, ukanyamazisha sauti yote. Humo ndani nyanya yao alikuwa akibariki wajukuu kwa Kinande. Mzee huyo hasikii tena, kwa simu hawezi kuongea na mtu. Kijana hakuwa na njia nyingine ya kupata baraka yake.

Nilipendekeza niondoe wimbo tu.

"Ndoa bila muziki? Watu ya kule watasema tulikuwa ku matanga."

"Basi, Mama, nitatafuta muziki wa bure."

Alinitazama, kisha akatazama ukuta. "Ya bure? Na diploma yote ile, unaniletea kitu ya bure ku ndoa ya mutoto wangu?"

Kwetu bure ni kisicholipiwa, na bure ni kisichofaa kitu. Nilitaka kujua muziki huo ni bure ipi. Nilipanda kwenye malisho ya ng'ombe, ambako mtandao unakamata vizuri, nikakaa na kompyuta magotini.

Kumbe kuna tovuti zilizojaa nyimbo ambazo wenyewe wamezitoa kwa hiari yao. Ila si zote zimetolewa kwa namna moja. Hii unaruhusiwa kuisikiliza palepale, huipakui. Ile unaipakua, lakini hukati hata kipande. Nyingine imekatazwa kwa kazi ya malipo, na mimi kazi yangu hulipwa. Ruhusa imeandikwa chini ya kila wimbo. Wengi hawasomi, mimi nilisoma. Mtu mmoja alikuwa ametoa sauti ya mvua juu ya bati. Niliisikiliza mpaka mwisho, huku nikijiuliza kwa nini mtu wa mbali atugawie mvua, sisi wa Masisi tunaonyeshewa karibu kila siku.

Halafu nikakuta akodioni, mtu anapiga peke yake, polepole, kama maharusi wanaotoka kanisani wakiangalia wasikanyage shela. Ruhusa yake ilisema: pakua, kata, tumia hata kwa kazi ya malipo, lakini taja jina langu.

Hapo nikacheka peke yangu. Kwenye ndoa zetu mtu wa protocole hushika mikro na kutangaza kila aliyeleta kitu: familia fulani, mbuzi, shangazi fulani, sufuria. Asiyetangazwa hukasirika mwaka mzima. Huyu mpiga akodioni alikuwa anadai kile kile ambacho mjomba yeyote angedai.

Nilishuka moja kwa moja mpaka dukani kwa yule mama wa vitenge.

"Mama, si kitu ya bure. Ni mchango. Mwenyewe anaomba tu tumutangaze."

Akasikiliza akodioni mpaka mteja akachoka kumngoja. "Anatujua?"

"Hapana."

"Na ametoa?"

"Ametoa."

"Basi umutaje na sauti. Usimuandike kadogo chini, kama nzi."

Nilimwita yule yule wa protocole wa siku ya ndoa, nikamrekodi akisoma jina la mgeni mwishoni mwa filamu, baada ya wajomba, kwa sauti yake ya sherehe. Nikapandisha filamu upya. Sauti ikabaki.

Siku chache baadaye mama aliniita dukani, akanisikilizisha ujumbe wa mwanawe. Kijana alikuwa amesikia nyanya yake akimwombea "na yule aliye mbali." Alikohoa, kisha akauliza: "Mama, huyu ya akodioni ni ndugu ya upande gani?"

Mama akabonyeza simu, akaisogeza mdomoni.

"Ya upande wetu."