Gunia la Mchanga la Bwana Dakika

Mtaa mzima ulimwita Bwana Dakika, naye hakulipinga jina hilo, maana alikuwa fundi saa na hakuwahi kuchelewa popote. Kibanda chake kilitosha meza moja na kiti kimoja. Tangu watu waanze kutazama saa kwenye simu, kazi ilikuwa imedorora kiasi kwamba aliweza kushinda asubuhi nzima akipangusa kioo kimoja. Lakini mtu asimhurumie. Mikono ile ilikuwa bado inaokota skrubu ndogo kama ufuta bila kibano, na sijui ni wangapi kati yetu wanaoweza kujisifu kwa hilo.

Mkewe alikuwa kiziwi tangu utotoni na alifanya kazi kwa dobi, upande wa pasi. Kutwa nzima alisimama kati ya watu waliomwonyesha shati kwa kidole, wakamwonyesha na kola kwa kidole, basi, mazungumzo yakawa yameisha. Pale hapakuwa na hata mmoja aliyejua lugha ya alama. Kwa hiyo kila alichokiona, nani kanuniana na nani, mteja gani kasahau barua ya mapenzi mfukoni mwa suruali, alikiweka akiba mpaka jioni. Akifika nyumbani alivua viatu, akaketi mbele ya mumewe, mikono ikaanza. Bwana Dakika, aliyejifunza lugha hiyo ukubwani ili amchumbie bila mkalimani, alikuwa akiwaambia watu kwamba hajaona msimuliaji wa kumfikia.

Balaa lilikuwa umeme. Ulikuwa na tabia ya kukatika saa moja jioni, mama huyo akiwa ndiyo kwanza ameketi. Chumba chao kilikuwa cha chini, kimebanwa kati ya ghorofa mbili, na saa hiyo kiza kilikuwa totoro. Kwa watu wengine umeme ukikatika ndipo soga zinaponoga. Kwao soga zilikufa papo hapo, mikono ya mke ikiwa bado hewani.

Si kwamba hawakujaribu njia nyingine. Mshumaa ulizimwa na mikono yenyewe, kwa sababu mke alipofika mahali patamu aliupepea bila kujua. Taa ya mafuta ilimwamshia pumu. Tochi ilitaka mtu wa kuishika, na anayeshika tochi hubaki na mkono mmoja wa kusemea. Sola nayo mwenye nyumba aliikataa, hakutaka mtu akanyage paa lake. Wakabaki kuandikiana herufi viganjani. Kwa kiganja unaweza kusema mlango umefungwa. Huwezi kusimulia jinsi watu wazima wawili walivyogombania ndoo.

Wazo lilimjia kibandani, alipokuwa akitengeneza saa kubwa ya ukutani, ya zile za zamani zinazoendeshwa na chuma kinachoning'inia. Chuma kinashuka polepole, magurudumu yanazunguka wiki nzima, bila betri wala nini. Akakitazama chuma kile kwa muda mrefu. Kama uzito unaoshuka unaweza kusukuma mishale, alijiuliza, unashindwaje kuwasha taa ndogo?

Akaanza kukusanya vitu. Kwa fundi baiskeli alipata minyororo na magurudumu ya meno. Kwenye printa iliyokufa alichomoa mota, kwa sababu alijua kwamba mota ile ile inayokula umeme, ukiizungusha kwa nguvu, huutema. Taa ilitoka kwenye tochi mbovu. Gunia akalijaza mchanga, kilo thelathini, akalitundika kwenye boriti ya chumba. Shemeji yake, mdogo wa mkewe, alipokuja kuwasalimia alisimama mlangoni akalikodolea macho gunia lile, kisha akauliza taratibu, "Shemeji, umefungua bucha?"

Mara ya kwanza alitumia magurudumu ya shaba ya saa, na hayo hayakuwahi kubeba mzigo wa namna ile. Meno yalipukutika, gunia likashuka kwa kishindo, jirani wa juu akaja kuuliza kama kuna mtu ameanguka. Bwana Dakika akaomba radhi, akafagia mchanga, akaanza upya na vyuma vya baiskeli. Mara hii kazi ilikaa. Ili gunia lisishuke mbio, alilifungia kile kitu ambacho mafundi saa wanakiamini kuliko chochote: kile kidole cha chuma kinachokamata jino la gurudumu, kikaliachia, kikakamata linalofuata. Ndicho kinachoifanya saa ilie tiki, tiki.

Na mashine ikalia tiki, tiki, safi kabisa. Aliisikiliza kwa macho yaliyofumbwa, ameridhika kama aliyeshiba. Umeme ulipokatika jioni ile, akamketisha mkewe, akaachia gunia. Taa ikawaka, ikazima, ikawaka, ikazima, kila tiki na mwako wake. Akaanza kumweleza kwa mikono jinsi inavyofanya kazi. Mkewe alimtazama kidogo, mabega yakaanza kumtikisika kwa kicheko.

"Una kigugumizi," alisema kwa mikono. "Kila neno unalikatakata."

Ilimuuma, tena sana. Alinuna siku mbili, akidai kwamba mashine haina kosa, macho ndiyo hayajazoea. Siku ya tatu aliketi peke yake mchana mbele ya mashine, akafikiri kwa haki. Gurudumu lililosimama halitoi umeme, na kile kidole kilikuwa kikilisimamisha kila nukta. Hilo alikuwa amelijua tangu mwanzo. Alikiweka kwa sababu hakuweza kuvumilia mashine isiyolia. Ametengeneza taa ya mtu asiyesikia, akaitilia mlio, na mlio huo ndio unaoiharibu. Aliona aibu, akajiambia hivyo kwa sauti mle chumbani.

Akakitoa. Aliogopa gunia litaporomoka, lakini halikuporomoka. Taa ikiwa imeunganishwa, mota inakuwa nzito kuzungusha. Kadiri gunia linavyotaka kukimbia ndivyo inavyozidi kulizuia. Taa yenyewe ndiyo breki. Fundi aliyekaa kazini miaka arobaini alijifunza hilo akiwa amepiga magoti sakafuni, na sikumbuki kumheshimu mtu kuliko nilivyomheshimu yeye niliposimuliwa habari hii. Alifunga mlango na dirisha apate giza, gunia likashuka kimya kwa dakika ishirini, taa ikatulia, na meza yote ikaonekana.

Jioni iliyofuata umeme ulikatika kwa wakati wake. Mikono ya mke ilikuwa hewani. Mumewe akaenda kwa kupapasa, akavuta kamba ya kupandishia gunia, akaachia. Mwanga ukaja mwembamba, lakini ukakaa. Mikono ile ilikuwa bado hewani, na tena haikuwa imesimama. Ilikuwa inaendelea kusema.

Akamuuliza, kwa nini anasema gizani na anajua haonekani?

Mkewe akaishusha mikono mapajani. Akaitazama kidogo, kisha akaiinua tena.

"Huwa namalizia," alisema. "Tangu tuoane. Umeme ukikatika huwa namalizia peke yangu, halafu nalala."

Miaka ishirini na sita Bwana Dakika alikuwa akiketi hatua moja kutoka kwa mwanamke huyu, akidhani wote wawili wamenyamaza. Alisogeza kiti mpaka magoti yao yakagusana.

"Nirudie yote," alisema. "Anza na la zamani kabisa."

Mkewe akageuka kulitazama gunia, ambalo lilikuwa limeshuka kama dhiraa moja hivi, akapima kwa macho umbali uliobaki mpaka sakafuni.

"Basi kalivute mpaka juu," alisema.