Pipa la Nyuma ya Jiko

Mimi ni mtu wa kinyaa, na sijui nani alinidanganya nilime bustani. Kinyaa changu si cha kujifanya. Nikikuta unywele kwenye ugali, siku yangu imeisha. Maziwa yakiwa na utando juu, siyagusi hata uniwekee sukari. Halafu mtu wa namna hiyo ndiye anayeishi Makandana, ambako mvua ikishaanza haijui kuacha, na kila asubuhi unakuta konokono wasio na gamba wamelala kwenye kabichi, wanene, wameacha ute kila walikopita. Wenzangu huwaokota kwa vidole. Mimi huwaokota kwa kijiko, na kijiko chenyewe nimekifunga uzi mwekundu ili asije mtu akakorogea chai.

Aliyeniingiza kwenye mambo haya ni mama wa nyumba ya chini. Ukitoka kwangu ukapita migomba, umefika kwake. Ni mjane, mzaliwa wa Suma, amechuma chai tangu usichana mpaka vidole vikapinda, na Kiswahili chake kimejaa Kinyakyusa. Nilipohamia, kabla sijamaliza hata kutundika mapazia, alikuja na miche ya figiri ameifunga kwenye jani la mgomba. Akaniambia nichimbe pale pale, yeye akiwa amesimama, kwa sababu mche ukilala ndani ya nyumba ya mtu unakata tamaa. Nikachimba nikiwa bado na tepu ya kupimia nguo shingoni, maana mimi ni mshonaji. Alipoona mashimo yangu alicheka sana, akayachimba upya mwenyewe.

Wa tatu wetu ni fundi seremala aliyestaafu. Babu yake alipanda milima hii na biashara kutoka pwani akaoa huku huku, na fundi mpaka leo ukimwudhi anakumbuka kwamba yeye si mtu wa baridi. Anaotesha mchaichai na tangawizi kandokando ya uzio wake, kwa mistari iliyonyooka kama anapima ubao. Hivyo tukawa watatu. Mwenye mbegu anagawa, mwenye panga lenye makali anaazimisha, na aliyelala na homa anamwagiliziwa bustani bila kuomba.

Kilichotuunganisha hasa ni pipa. Lilikuwa pipa la plastiki la bluu, limekaa kwa mama, karibu na mlango wa jiko lake la nje. Ndani tulitia mavi ya ng'ombe, mkojo wa ng'ombe, majani ya alizeti pori, na vichwa vya usipa vilivyooza ambavyo wauza samaki sokoni walikuwa wanavitupa. Maji juu yake. Kinachachuka, kinatoa mapovu, kinakuwa rangi ambayo sitaki kuieleza. Ukikichuja na kukizimua kwa maji ukamwagia kwenye mashina, chainizi zinanenepa, majani ya maboga yanakuwa makubwa kama ungo. Tulikiita supu. Mimi nilikuwa naitamka hiyo supu nimefumba macho.

Supu inatakiwa kukorogwa kila baada ya siku chache, la sivyo inaota utando, na mnajua mimi na utando. Sharti letu lilikuwa moja tu: hakuna kukoroga peke yako. Mmoja anashika mti wa kukorogea, wawili wanakaa hapo hapo kwenye harufu, wanapiga soga mpaka amalize, kisha wote tunanawa, tunakunywa chai. Mwanzoni niliona ni adhabu. Baadaye nikaelewa kwamba ukiachwa peke yako na lile pipa utaacha bustani siku hiyo hiyo, lakini mwenzako akiwa pembeni anakusimulia ugomvi wa kwaya, mkono unaendelea wenyewe. Niliwahi kutapika nikikoroga. Fundi alinipokea mti, akaendelea na habari aliyokuwa anaisimulia. Watu wa namna hiyo huwapati hivi hivi.

Kisha ikaja ile homa iliyozunguka dunia nzima. Mama aliugua, akapona, lakini pua yake haikurudi. Hasikii harufu ya chochote mpaka leo. Anaweza kuunguza maharage akiwa amekaa kando ya sufuria. Kwa upande wa pipa aliona amepewa zawadi. Akawa anakoroga kwa zamu zetu sote, anainama mpaka uso unakaribia mapovu, anajipangusa mikono kwenye kitenge na kwenda zake sokoni. Na ndiyo, alinuka. Nisiwe mnafiki. Sisi sote tulinuka, ila mimi na fundi tulikuwa tunajijua, tunaoga. Yeye hakuwa na namna ya kujua, na hakuna aliyemwambia. Mimi, ambaye mdomo wangu hauna breki, nilimwambia kila mtu ukweli wake Makandana nzima isipokuwa yeye.

Jumapili moja watu wa kanisani walimtembelea. Hatujui nani alipeleka maneno, lakini wiki hiyo hiyo mwanawe wa kiume alinipigia simu kutoka Dar es Salaam. Alisema amesikia mama yake anaishi kwenye uvundo kama mtu aliyetelekezwa. Alisema anakuja yeye na dada yake, na wakikuta mambo ni kama walivyoambiwa, wanaondoka naye, akakae kwao ghorofani.

"Ghorofani kuna udongo?" nikamwuliza.

"Kuna usafi, dada," akanijibu.

Nilikaa na simu mkononi, roho imenichafuka. Mwanamke aliyekula alichootesha tangu anapata akili, wakamweke kwenye chumba chenye vigae, aangalie televisheni. Nikaenda kwa fundi. Tukakubaliana kwamba mama haondoki, na kwamba kinachompeleka si kingine, ni pipa. Siku mbili kabla ya wageni mama alikwenda Suma msibani. Sisi ndiyo tukaanza kazi. Tulisugua jiko lake kwa majivu, tukafua vitenge vyake vyote, tukaokota konokono wote, hata mimi nikatumia vidole kwa sababu kijiko kilikuwa kinachelewesha. Nikanawa mikono mpaka ngozi ikauma.

Kuimwaga supu hatukuweza, ingetapakaa mtaa mzima. Kwa hiyo tulilisogeza pipa nyuma ya jiko, tukalifunika mfuniko wake, na fundi akatafuta mpira wa tairi la baiskeli akaufunga kuzunguka mfuniko. Sasa fundi ni fundi. Mtu aliyetengeneza milango maisha yake yote hafungi kitu nusu. Alikaza, akaongeza mpira wa pili, akanusa huku na huku, akasema, "Hapa hata nzi hajui kuna nini." Mimi nikatandika mkeka juu, na juu ya mkeka nikaweka kitambaa changu nilichodarizi maua. Likawa kama stuli ya sebuleni. Tulisimama tukaliangalia, tumeridhika. Wakulima wawili wazima, tunaojua vizuri kwamba kinachochachuka kinapumua, na hakuna aliyelifikiria hilo.

Mama alirudi asubuhi ile ile ya wageni. Alipouliza pipa liko wapi tukamwambia tumelikinga mvua. "Ndaga," akashukuru, akaingia kupika ndizi.

Watoto walifika mchana, na jua nalo likatoka, jua ambalo hatukuwa tumeliona kwa muda mrefu. Mgeni njoo, mwenyeji apone, wanasema. Binti alishuka garini ameshika leso puani kabla hajanusa chochote. Alikagua jiko, akapitisha kidole kwenye rafu, akatazama kidole. Hakukuta kitu. Kaka yake alikula ndizi sahani mbili na mtindi, akaanza kulegea, akasema kwa kweli mama umenawiri, bustani nzuri, watu wana maneno tu. Nikamtazama fundi, fundi akatazama chini akitabasamu. Tulikuwa tumeshinda. Kisha simu ya kijana ikalia, mtandao ukawa unakatika, akatoka nje kutafuta mahali pa kuongelea. Akazunguka nyuma ya jiko.

Ni mtu mnene. Aliona stuli yenye kitambaa cha maua, akakaa.

Mlio wenyewe haukuwa mkubwa, kama mlango uliopigwa na upepo. Kilichofuata ndicho kilichokuwa na sauti, maana kilichuruzika kwa muda. Tulipofika mfuniko ulikuwa umeruka, yeye amekaa chini, shati jeupe limekuwa kijani iliyoiva kupita kiasi, kichwa cha usipa kimemganda kwenye mfuko wa shati, na mapovu yanamshuka shingoni kuingia ndani. Simu bado iko sikioni. Harufu ilikuja nyuma yake, siku mbili za supu iliyonyimwa hewa, na nawaambia nimekoroga lile pipa kwa miaka, sijawahi kukutana na kitu kile. Macho yalinitoka machozi. Binti alitapika kwenye matuta ya karoti. Alipomaliza alijifuta mdomo, akamgeukia mama yake aliyekuwa anakuja na taulo.

"Hiki ndicho kinachonuka kwako kila siku," akasema. "Watu walisema kweli. Mama, unanuka kinyesi."

Nilimchukia yule binti pale pale. Kinyaa nilichokisikia hakikuwa cha pipa. Mtu aliyesomeshwa kwa mikono iliyopinda kwenye chai, analitoa neno lile huku mwenye mikono anampa taulo.

Mama alikuwa anaangalia chini, kwenye mkeka, kwenye mipira iliyokatika, na kwenye kitambaa changu cha maua. Alikiokota.

"Nani alilifunga pipa?"

"Sisi, mama," fundi akasema.

"Kwa nini?"

"Tulisema wageni..."

"Wageni gani? Hawa nimewazaa mimi." Akanigeukia. "Mwanangu, mlificha hiki ili wasinuse. Kwa hiyo kinanuka hivyo. Na mimi nakaa nacho mchana kutwa. Mimi nanuka?"

Kijana aliyelowa, binti, fundi, wote wananitazama.

"Hapana, mama," nikasema. "Hunuki."

"Wewe," akasema taratibu, "unalalamikia harufu ya mvua. Unalalamikia sabuni ya jirani. Hujawahi kuniambia kitu chochote kwenye dunia hii kinanukia vizuri. Leo unaniambia sinuki." Akanipa kitambaa changu, akaingia ndani.

Jioni ile alikubali kuondoka. Hakuna aliyemlazimisha. Nilikwenda kumbembeleza, nikamkuta anafunga nguo zake, zile tulizofua, na kila moja anaiweka puani kabla ya kuikunja, kana kwamba safari hii pua ingemjibu. Nikamwambia watu hawajali. Akasema inawezekana hawajali, lakini amekaa kwenye benchi la kanisa miaka yote hii na hajui nani alisogea. Mimi nawajua waliosogea. Nje fundi aliniambia, "Ungesema ananuka kidogo, angekuamini." Nilimtukana. Alikuwa amesema kweli.

Asubuhi manyunyu yalikuwa yamerudi, na ukungu umeshuka mpaka kwenye migomba. Binti alikuwa amemwogesha mama yake kwa sabuni ya dawa, akamvika gauni jipya, na kummwagia manukato yale ya chupa kubwa, matamu ya kukwaruza koo, nguoni, shingoni, mpaka kwenye kilemba. Nilipomkumbatia nilibana pumzi. Harufu ya jasho lake, ya moshi, ya majani ya maboga, yote ilikuwa imefunikwa.

Aliketi kiti cha nyuma, akaniita dirishani.

"Sasa je?" akaniuliza. "Sasa nikoje?"

"Sasa ndiyo unanuka, mama. Nataka kutapika."

Alicheka. Alicheka mpaka akashika mdomo. "Hapo sawa," akasema. "Hapo nakuamini." Akamwambia fundi asisahau kuzifunika kwa udongo mpya karoti zilizotapikiwa, zitafaa tu.

Gari likawashwa. Tukasimama pembeni, mimi na fundi, tunapunga mikono. Hapa kwetu hakuna mtu anayefungua dirisha la gari kwenye mvua ile, ukungu unaingia mpaka kwenye mifupa. Lakini kabla hawajafika barabara ya lami, niliona mkono wa binti unashusha kioo chake, kisha kaka yake akashusha vya upande wa pili, na gari likaenda madirisha yote yakiwa wazi, na mama nyuma anajivuta kitenge mpaka masikioni, anamwuliza mmoja wao kitu, nadhani lile lile aliloniuliza mimi.