Perez Adero na Ukuta Uliolia

Perez Adero hakuwa mtu wa kuambiwa jambo mara moja akaitikia. Kazi yake ilikuwa kukagua kitambaa katika kiwanda kimoja cha nguo hapa Eldoret. Alisimama mbele ya meza yenye taa kwa chini, kitambaa kikapita, naye akatafuta kasoro. Akiiona hakuridhika kuitia alama ya chaki na kuendelea na mambo yake. Alikwenda mashine kwa mashine mpaka aipate iliyokosea, kisha akasimama mbele ya aliyeiendesha, mikono kiunoni. Waliomchukia walimwita Afisa. Waliompenda nao walimwita Afisa, maana hakuna jina jingine lililomkaa vizuri.

Basi mwaka 1988, miezi michache baada ya kumzika mumewe, ukuta wa chumba chake cha kulala ukaanza kutoa maji.

Mumewe, Eliakim Otiende, alikuwa karani wa ghala la mahindi, mtu mpole, mcheshi, asiyeweza kupita penye nyundo bila kuishika. Alifariki kwa ajali ya lori kule Cheptiret. Nyumba waliijenga wote wawili, mawe kwa mshahara wake, mabati kwa mshahara wa Perez, na ukuta mmoja wakachangia na jirani yao Dahabo, Msomali ambaye mumewe alikuwa na malori ya kwenda kaskazini. Ilikuwa nyumba ndogo, si ya kutisha mtu. Lakini Perez aliijua kila pembe, na aliipenda bila aibu.

Wa kwanza kuuona ule unyevu alikuwa mama mkwe, aliyekuja kutoka kijijini kumliwaza na kukaa na mjukuu wake, Aketch. Aliingiza mkono nyuma ya kitanda, akapapasa ukuta, akanusa vidole, akaketi taratibu.

"Mwanangu analia," alisema.

"Nani, Mama?"

"Eliakim. Umeacha kitanda chake kitupu, sasa analia."

Wenye kujua watakuwa wameshaelewa. Kwa desturi ya ukoo wa Eliakim, mjane hakai hivi hivi. Ndugu wa marehemu humchukua, akawa mwenye nyumba. Na ndugu aliyekuwapo ni Ondiek, mfanyabiashara wa mahindi wa Turbo, mwenye mke tayari, kitambi tayari, na beji ya chama kwenye koti hata siku ya matanga. Perez alimkataa mbele ya watu, udongo wa kaburi haujakauka. "Nimeolewa mara moja," alisema, "na ilinitosha." Wazee waliguna, wakasema ni uchungu, utapoa. Haukupoa.

Ondiek naye alikuwa ameshapanga yake. Angehamia Eldoret, aifanye ile nyumba kituo cha biashara, na Perez arudi kijijini akalime. Alikosa sababu tu. Aliposikia kwamba ukuta unalia, sababu ikawa imejileta yenyewe mlangoni. Akatuma habari kwamba Jumapili ya mwisho wa mwezi angekuja na mzee wa ukoo kuweka mambo sawa. Mwanamke ambaye nyumba yake inalia hawezi kuachiwa nyumba hiyo. Hata kanisani kwa Perez wapo walionong'ona hivyo, tena wale wale wanaoimba kwa sauti kubwa.

"Maji hayatoki kaburini," Perez alimwambia Dahabo. "Hii maji inatoka mahali, na hapo mahali nitapajua kabla Ondiek afike."

Alianza na paa, ingawa kilikuwa kiangazi na mbingu ilikuwa kavu. Alipanda juu ya meza, akachungulia darini, akakuta vumbi na kiota cha panya. Mama mkwe alimtazama kutoka chini akasema mwanamke aliyefiwa hapandi mezani. Perez akajibu kwamba huyu amepanda, na asimame mbali asiangukiwe na vumbi.

Kisha akageukia upande wa pili wa ukuta, kwa sababu pale ndipo lilipokuwa bafu la Dahabo. Ilikuwa aibu kumshuku jirani mwema, akawa anazungukazunguka na maneno mpaka Dahabo mwenyewe akamkatiza.

"Kama ni bafu yangu, sema! Mimi sitaki marehemu asingiziwe kwa sababu ya maji yangu."

Wakachukua bluu ya kufulia, wakaikoroga katika ndoo mpaka maji yakawa meusi kama wino, wakayamwaga bafuni, wakaketi kunywa chai ya iliki. Wakangoja. Wakamwaga tena jioni. Asubuhi ukuta wa Perez ulikuwa umelowa vile vile, lakini hapakuwa na hata tone la bluu. Dahabo alipiga vigelegele kama mtu aliyeachiliwa na korti.

Ikabaki koki kubwa ya pale mbele ya nyumba. Perez aliifunga akienda kazini, akaacha maji ya kutumia katika mitungi, na aliporudi akakuta ukuta umeanza kukauka. Akaifungua, ukaanza kutoa jasho tena. Akarudia siku iliyofuata, ikawa hivyo hivyo. Hapo akajua kwamba maji ni ya bomba lake mwenyewe. Lakini kwa anavyojua yeye, hakuna bomba lililopita chumbani. Maji yaliingia jikoni, na mfereji mwingine ulikuwa nje, nyuma ya nyumba, ukiletwa na bomba ambalo Eliakim alisema limezungushwa kwa nje.

Pakabaki pahali pamoja tu pa kutazama, nyuma ya kitanda, na hapo ndipo Perez alipokwama. Mama mkwe alikuwa amesema tangu siku ya kwanza: kitanda cha marehemu hakisogezwi mpaka apatikane wa kukilalia. Perez hakumwogopa Ondiek hata kidogo. Aliyemwogopa ni Mama, kwa sababu alimpenda. Mama ndiye aliyempokea alipoolewa, ndiye aliyemkanda alipojifungua Aketch, na tangu msiba walikuwa wakilala chumba kimoja chini sakafuni, kila mmoja akijifanya amelala ili mwenzake alale.

Na tuseme kweli yote. Kuna wakati Perez alikuwa peke yake mle chumbani, akapitisha mkono nyuma ya kitanda, akaushika ule ubaridi, akaogopa. Kama ni wewe, alisema moyoni, kama unalia kweli, basi si kwa ajili ya Ondiek. Ulimjua ndugu yako.

Jumapili ikafika. Ondiek alikuja baada ya ibada, amevaa suti, akifuatana na mzee mmoja wa ukoo aliyeonekana wazi kwamba angependa kuwa kwingine. Wote mle ndani walikuwa Wajaluo, wangeweza kuzungumza lugha yao wakaelewana vizuri, lakini Ondiek alisimama katikati ya sebule akaanza Kiswahili cha mikutano ya chama, na ile kaulimbiu ya Rais.

"Mama Aketch, siku hizi ni kufuata nyayo. Mimi nafuata nyayo ya ndugu yangu. Sasa wewe unapinga nini? Ama wewe ni mpinzani?"

Neno hilo mwaka ule halikuwa la mchezo. Watu walilala ndani kwa ajili yake, na wengine hawakujulikana walilala wapi. Mzee wa ukoo alitupa jicho mlangoni.

"Nyayo za Eliakim zimeishia kaburini, shemeji," Perez alisema. "Kama unazifuata, mbona umesimama hapa kwangu?"

"Perez!" Mama mkwe alishtuka.

Ondiek aliigusa beji yake ya chama. "Sisi tumekubaliana. Hata ikiwa ni kura ya mlolongo, tazama nani amepanga laini nyuma yangu."

"Naona mzee mmoja, na amekaa."

Mzee akakohoa. Ondiek akageuka, akaelekeza kidole chumbani. "Na ukuta? Ukuta inalia, mji wote unajua! Utasema nini juu ya ukuta?"

"Ukuta inanyamaza nikifunga koki. Ni marehemu gani huyo ananyamazishwa na koki?"

"Marehemu hutumia kile iko," alisema Ondiek, bila hata kufikiri, na Mama akatikisa kichwa kukubali.

Hapo Perez akaona kwamba maneno yameisha kazi. Anaweza kubishana mpaka jua litue, na jioni watafungasha vyombo vyake kwa upole, kwa sala, kwa kumwonea huruma. Akaenda mlangoni akamwita Dahabo, naye Dahabo akatokea upesi kiasi kwamba ilikuwa dhahiri amekuwa akisikiliza. Perez akachukua nyundo ya mumewe, akaingia chumbani. Wote wakamfuata.

Mama mkwe alitangulia mbele ya kitanda, akatandaza mikono. "Hiki hakisogezwi, mwanangu. Nilikwambia."

"Mama, mimi nakuheshimu. Unajua nakuheshimu." Sauti ya Perez ilitetemeka, na hakujali nani anaisikia. "Lakini kama mnanitoa kwa hii nyumba, nitolewe kwa kitu nimefanya. Sitatolewa na maji haijulikani inatoka wapi. Nisamehe."

Akashika kitanda upande wa miguuni. Dahabo akaenda upande wa kichwani.

"Mimi si wa ukoo wenu," alisema, akikunja mikono ya nguo. "Desturi yenu mimi hainishiki. Haya, vuta!"

Wakavuta. Kitanda kilikwaruza sakafu kwa kelele mbaya, na Mama ikambidi apige hatua pembeni. Hakuna aliyeanguka na kufa.

Nyuma ya kitanda plasta ilikuwa imefura. Na pale palipofura, ukitazama vizuri, kulikuwa na mstari mrefu wa plasta isiyofanana na nyingine, imepakwa na mtu mwenye haraka, kutoka upande wa jikoni kwenda nyuma ya nyumba. Perez aliugonga mara moja. Mara ya pili plasta ikabomoka yote, ikamwangukia miguuni, na maji yakaruka membamba, yakamlowesha kifua.

Ndani kulikuwa na bomba, au tuseme mabomba mawili yasiyolingana unene, yamelazimishwa kuoana. Pale yalipokutana pamezungushiwa mpira wa tyubu ya baiskeli, juu ya mpira kitambaa cha mistari, juu ya kitambaa waya, na juu ya waya matumaini tu.

Perez alisimama akitazama. Alipokuwa na mimba ya Aketch, mzito, akibeba ndoo kutoka jikoni kwenda kufua nyuma ya nyumba, Eliakim alimsihi aende kwao apumzike kidogo. Aliporudi alikuta mfereji nyuma ya nyumba, karibu na jiwe lake la kufulia. Eliakim alimwambia ameita fundi, tena fundi mkubwa, anayefanya kazi katika nyumba za matajiri kule Elgon View. Perez aliwaringia wanawake wa kiwandani juu ya fundi huyo mpaka wakachoka. Kumbe fundi wa Elgon View alikuwa analala naye kitanda kimoja.

Mama mkwe aliinama, akagusa kile kitambaa. "Hii ni shati ya Eliakim," alisema polepole. "Nilimnunulia mimi."

"Mmesikia!" Ondiek aliruka. "Mama amesema mwenyewe! Ni yeye!"

"Ndiyo, ni yeye," Perez alisema. "Ni yeye kabisa. Hakujua bomba, na hakutaka kusema hajui."

Mabega ya Mama yakaanza kutikisika. Walidhani analia, lakini alipoinua uso alikuwa akicheka, mkono mdomoni, akijaribu kujizuia na kushindwa. "Hata choo yangu kule nyumbani," alisema, "mlango aliufunga na mpira hivi hivi. Nilikaa ndani mpaka watoto wakatoka shule!" Dahabo akashika kiuno. Hata mzee wa ukoo akatoa sauti puani, akajifanya anapenga kamasi.

Perez naye alicheka, na katikati ya kicheko machozi yakamtoka. Hakuyaficha. Alimlilia Eliakim kwa sauti, pale pale mbele ya ukuta, amelowa, nyundo mkononi. Alimlilia kwa sababu ya shati lile alilolichana ili mkewe asibebe ndoo, na kwa sababu hakuwapo ili agombezwe.

Ondiek alingoja kidogo, kisha akasogea, akalainisha sauti.

"Si mnaona? Analia. Mwanamke hawezi kukaa hivi. Anahitaji mtu."

"Nalia," Perez alisema, bila kujifuta. "Namlilia bwana yangu. Kesho nitamlilia tena, na kesho kutwa. Na wewe bado sikutaki. Leo sikutaki, nikizeeka sikutaki. Rudi Turbo kwa mke wako."

Ondiek alimgeukia mzee wa ukoo, na mzee alikuwa tayari ameshika kofia. Akamgeukia Mama. Mama alikuwa akikitazama kitanda, kilichokaa mshazari katikati ya chumba, mahali kisipopaswa kuwa. Alikiendea, akakunjua shuka lililojikunja, akaketi juu yake kwa uzito wake wote.

"Kikae hapa," alisema. "Kule kuna maji."