Sauti ya Mauti wa Majengo

Siku hizi gemu zimo kwenye simu, na kila mtu anacheza peke yake, kainamisha shingo kama anayetafuta sindano iliyodondoka. Yoramu akiwaona wajukuu zake katika hali hiyo, pale kwake Chamwino, hawezi kunyamaza. "Hamna hata mtu wa kuwatukana mkishindwa," anawaambia. "Sasa raha mnaipata wapi?" Wajukuu wanacheka, maana wanajua kinachofuata. Babu atavuta kigoda, atakohoa kusafisha koo, na atawarudisha Majengo, Dodoma mjini, miaka ile alipokuwa Mauti.

Kabla ya kuwa Mauti alikuwa mnadi wa ng'ombe. Alizunguka kwenye minada ya Chamwino hadi Chemba, na sauti yake ilikuwa nzito, ya kukwaruza, ya mtu aliyemeza vumbi tangu utotoni. Ilikuwa ni miaka ya soko huria. Maduka yaliyozoea kuwa na chumvi na viberiti tu sasa yalijaa mpaka mlangoni, mitumba ilimwagwa chini kila penye kivuli, na redio zilikuwa nyingi hata hujui usikilize ipi. Upande mwingine mashirika ya umma yaliuzwa, na watu wazima wenye familia waliambiwa kwaherini. Mmoja wa hao walioagwa alikuwa Cornel, fundi mitambo, Mhehe wa Iringa. Wenzake walichukua kiinua mgongo wakanunua mashine za kusaga. Yeye alinunua televisheni na deki, akapigilia kibanda cha mbao na mabati ubavuni mwa nyumba yake, akaanza kuonyesha video.

Filamu zilikuwa za Kichina na za Kihindi, kwa hiyo akamtafuta Yoramu akae pembeni na kipaza sauti, awageuzie watu maneno kwa Kiswahili. Yoramu hakujua Kichina wala Kihindi. Hilo halikumsumbua yeye, na watazamaji ndio kabisa.

Isitoshe, walikuwa watani. Wagogo na Wahehe wanataniana tangu enzi za mababu, na mtani akikutukana hukasiriki, unamtafutia tusi lililonona zaidi. Cornel akimwona Yoramu anaingia asubuhi humwuliza, "Mgogo, leo umeombea wapi senti?" Naye Yoramu humjibu, "Nimepita kwako kumuulizia mbwa wa jirani, nikaambiwa mmemla jana." Baada ya hapo wanakunywa chai kwenye kikombe kimoja. Ndivyo siku zao zote zilivyoanza, na mpaka leo Yoramu akinywa chai ya asubuhi huona kuna kitu kimepungua ndani yake, na si sukari.

Kisha Cornel akaenda Kariakoo, akarudi na mashine ya gemu. Alipewa na sidii moja isiyo na kasha, imeandikwa kwa kalamu ya wino maandishi ambayo hakuna aliyeyasoma. Ndani yake kulikuwa na askari aliyevaa kisketi na kandambili za ngozi, akiteremka kuzimu kumkomboa dada yake. Mwalimu mmoja aliyepita kunyolewa nywele jirani alichungulia akasema hizo ni habari za Wagiriki wa kale na miungu yao. Basi, elimu yao ikaishia hapo. Lakini mwisho wa safari, kwenye kiti cha mifupa, alikaa mungu wa mauti mwenyewe: taji la pembe, joho jeusi, macho ya kijani, na kicheko kilichotikisa mabati ya kibanda. Aliongea kwa lugha isiyojulikana.

Yoramu alimtazama mara moja tu, akachukua kipaza sauti. "Karibuni Majengo ya chini," alisema. "Huku hakuna mgawo wa maji, kwa sababu maji yenyewe hakuna." Kibanda kizima kilianguka kwa kicheko, na tangu siku hiyo filamu zikafa.

Aligeuza kila kitu. Mzee aliyevusha roho kwenye mto mweusi alimfanya kuwa konda asiyerudisha chenji. Komamanga ambalo Mauti alimlisha yule dada ili asirudi duniani, Yoramu alisema ni zabibu za Makutupora, na kwamba ukizila kweli huondoki Dodoma. Kuhusu mbwa mwenye vichwa vitatu aliyelinda lango, alimwachia Cornel. "Mhehe, umeletewa sherehe nzima!" alinguruma. "Vichwa vitatu, supu peke yake mtakula wiki!"

Na kila aliyeshika pedi ya kuchezea, Mauti alimjua kwa jina lake. Bashiri, kinyozi, aliambiwa kwamba kuzimu wanamsubiri awarekebishe wale aliowanyoa upande mmoja. Watu walikuja kutukanwa. Nasema kweli, walipanga foleni juani kusubiri kutukanwa, na aliyesahauliwa na Mauti aliondoka amenuna.

Aliyeweza kufika kwenye kile kiti alikuwa Cornel pekee, na hata yeye hakuwahi kumaliza kazi. Hawakuwa na kile kikadi cha kuhifadhia mchezo, kwa hiyo kila safari ilianza juu, mtoni, kwa mbwa, ngazi hadi ngazi. Akimfikia Mauti, akishampiga mpaka taji linayumba, umeme unakatika. Mtaa mzima ulikuwa na swali moja: Mauti akipigwa, atasema nini? Yoramu alijigamba kwamba neno analo, kalitunza.

"Nidokeze basi," Cornel alimbembeleza.

"Nipige kwanza, Mhehe. Kaburi lako nimeshalipima, Cornel. Kwa urefu wako huo tumelazimika kuongeza chumba."

"Nitakupiga, Mgogo wewe. Nakuapia, nitakupiga, na utasema mbele ya watu."

Upande wa pili wa mbao, Dorothea alisikia yote. Alikuwa mke wa Cornel, Mhaya wa Bukoba, na alishona nguo chumba kilichopakana na kibanda. Kwao Bukoba Mgogo si mtani wa mtu. Alichosikia yeye, mchana kutwa, cherehani ikinguruma, ni mwanamume mzima akimwita mumewe kaburini kwa jina lake la ubatizo. Alimwuliza Cornel mara kadhaa. Cornel alicheka tu, akasema, "Achana naye, ni mtani wangu," akadhani amemaliza. Kwake hilo lilikuwa jambo lisilohitaji maelezo, kama vile hakuna anayeelezea chumvi. Hapo ndipo alipokosea, na mkosaji mwenyewe hakuwahi kujua.

Maana Cornel aliugua. Alianza na kikohozi, akapungua, mkanda ukahitaji tundu jipya. Mwishowe akawa mtu wa kitandani, na kibanda kikafungwa. Yoramu alikwenda kumwona, akasimama mlangoni mwa chumba na sauti ile ile: "Mauti nimekuja mwenyewe, Mhehe. Nimeona unachelewa." Cornel alicheka mpaka akakohoa, akakohoa mpaka leso ikahitajika.

Dorothea aliinuka pale kitandani. Hakupiga kelele. "Umemwita kila siku kwa jina lake," alisema. "Sasa ameitika. Toka kwangu, Yoramu, na usirudi. Hata kwenye msiba usije."

Yoramu, aliyekuwa na neno kwa kila mtu, aligeuka. Alitoka. Alirudi minadani, lakini sauti ilikuwa imekwenda. Alinadi ng'ombe kama mtu anayeomba radhi. Kilichomuuma si kufukuzwa. Kilichomuuma ni kwamba njiani, akiwa peke yake, alianza kuamini huenda mama yule amesema kweli. Alipita barabara ya Majengo mara nyingi akitazama kile kibanda kwa mbali, na mara zote aligeuka bila kubisha hodi. Aliogopa kwamba rafiki yake atazikwa na yeye hayupo, na aliogopa zaidi kwamba hana haki ya kuwepo.

Cornel alifariki wakati wa kiangazi. Yoramu alizisikia habari kwenye mnada, akaja, akasimama ng'ambo ya barabara, nyuma ya mkokoteni wa maji, akiangalia watu wakiingia kwenye turubai.

Mama wa marehemu, Bi Loisi, aliteremka kutoka Iringa na ndugu zake. Alilia, akaketi, akatulia, kisha akaanza kutazama huku na huku. "Msiba gani huu, kimya kama ofisini?" aliuliza. "Tuko Ugogoni. Watani wetu wako wapi?"

Bashiri alimsogelea. "Shikamoo, mama. Mtani yupo. Yule kule, nyuma ya mkokoteni. Amekatazwa kuingia."

Bi Loisi aliingia ndani kwa mkwewe. "Mkwe wangu, ni kweli ulimfukuza mtani?"

"Mama, alikuwa akimtakia mwanao kifo. Kila siku."

"Hapana, mwanangu. Alikuwa anakicheka kifo, ili mwanangu asikiogope." Alimshika mkono. "Baba yake Cornel alipofariki, nilikataa kula. Akaja Mgogo mmoja, akavaa koti la marehemu, akaketi kwenye kiti chake, akaniuliza mbona chai imechelewa. Nilitaka kumpiga. Badala yake nikacheka, halafu nikalia vizuri, na jioni nikala. Kwetu sisi, bila mtani marehemu hazikwi, anafukiwa tu."

Dorothea alikaza khanga kiunoni. Hakusema aitwe, hakusema asiitwe. Bi Loisi aliona hilo linatosha, akamtuma Bashiri akamwite.

Makaburini, katekista alipokuwa akitafuta ukurasa, Yoramu alipita katikati ya watu akaruka ndani ya kaburi. Alijilaza chali, mikono kifuani. Minong'ono ikaanza, halafu vicheko vya kuzuiwa kwa viganja, kwa sababu wengi walijua desturi hiyo ya mtani kukatalia kaburini mpaka alipwe.

"Toka, Mgogo!" Bi Loisi alifoka, akitimiza sehemu yake. "Hilo si lako!"

"Sitoki," Yoramu alisema kutoka chini. "Nimelipima mwenyewe." Alitaka iwe sauti ya Mauti. Ikatoka nyembamba, ya mtu wa kawaida aliyelala kwenye udongo mwekundu na machozi yanamwingia masikioni.

"Unataka nini ndipo utoke? Soda? Jogoo?"

"Sitaki kitu. Aliniapia kwamba atanipiga mbele ya watu. Nasubiri anipige."

Hapo hakuna aliyecheka. Bi Loisi mwenyewe aligeuza uso. Katekista aliufunga ule ukurasa. Yoramu alitazama juu akaona kipande cha anga na vichwa vya watu pande zote, na akafahamu kwamba amejiingiza mahali asipojua namna ya kutoka. Utani ulikuwa umemshinda, na pale chini palikuwa na baridi.

Vichwa vikaachana. Dorothea alisimama ukingoni, khanga imekazwa kiunoni. Aliingiza mkono kwenye mkoba akatoa pedi ya gemu, waya wake umeviringishwa. Cornel alilala nayo mkononi siku zake za mwisho, akibonyeza bila televisheni wala umeme, na asubuhi ile Dorothea hakuweza kuiacha nyumbani. Hakuwahi kucheza hata mara moja. Aliielekeza kaburini kwa mikono miwili.

"Toka kwenye kitanda cha mume wangu," alisema, akabonyeza vitufe vyote kwa pamoja.

Yoramu alipiga ukelele. Sauti ilirudi yote, nzito, ya kukwaruza, ikajaa shimo na kumwagika nje hadi kwa waliokuwa wamekaa mbali wakivuta sigara. Alijirusha kushoto, akajirusha kulia, akashika kichwa kama mwenye taji linaloyumba. Dorothea aliendelea kubonyeza, meno yameumana, machozi yanadondoka juu ya vidole.

"Basi! Basi, mama, nimekoma! Nimepigwa!" Mauti alilia, akilitoa lile neno alilolitunza. "Mimi niliyewabeba wafalme na majemadari, leo nimepigwa na Mhehe! Jamani, nawaomba, nyumbani msiseme!"

Dorothea alicheka. Kicheko kilimtoka kwa nguvu, kikampinda, akalazimika kuegemea bega la mkwewe, na makaburi yote yakacheka pamoja naye, watu wakilia hovyo bila kuona haya. Alipopata pumzi, alipiga goti ukingoni, akanyoosha mkono chini.

"Panda, mtani," alisema. "Umpishe mwenyewe."

Yoramu aliushika ule mkono, akapanda. Wakamshusha Cornel.