Askofu Mwenye Majina Manne

Mwalimu Esnath alifundisha Kiingereza miaka ishirini na sita, na kama kuna kitu alichotoka nacho darasani ni hiki: wanafunzi wawili wakipatia sawa, wamesoma, wakikosea sawa, wametazamiana. Alizaliwa Iyunga kule Mbeya, akaolewa Iringa, na sasa alikuwa mjane mstaafu hukohuko, mtaa wa Mlandege. Kazi ilistaafu, jicho halikustaafu. Ukimsifia kitenge chake, alijiuliza umekuja kuomba nini. Wanachuo walimletea maandishi yao awasahihishie Kiingereza, nao walimwogopa kuliko wakufunzi wao.

Mwezi wa sita, baridi ikiwa imekaza, alibisha hodi Gerson, mwinjilisti wa Kilutheri kutoka Igowole, mtu wa miaka hamsini na ushei aliyekuwa akimalizia stashahada ya theolojia.

"Kamwene, mwalimu," alisalimu, akavua kofia.

"Kamwene. Pita."

Aliacha bahasha yenye kurasa arobaini za Kiingereza, zote juu ya Bartolomé de las Casas, askofu Mhispania wa karne ya kumi na sita aliyewatetea wenyeji wa Amerika.

Kesho yake asubuhi Esnath alianza kusoma, na hakufika mbali kabla ya kukunja uso. Katika sura ya kwanza askofu aliitwa "de las Casas". Katika ya pili alikuwa "Casas" mtupu. Katika ya nne amekuwa "Bartholomew", kama jirani wa nyumba ya pili. Sura ya tatu peke yake ndiyo iliyomwita inavyotakiwa: jina zima mara ya kwanza, kisha "Las Casas" mpaka mwisho.

Majina manne, mikono minne, alijiambia. Ile ya tatu, iliyonyooka, huenda ni ya kwake. Hizi nyingine kaziokota. Akapiga simu.

"Njoo Alhamisi. Na uje na kila karatasi uliyoandikia."

Alhamisi Gerson alikuja na mfuko wa madaftari. Esnath hakumpa hata nafasi ya kukaa vizuri.

"Mwinjilisti, huyu askofu ana majina mangapi?"

"Moja, mwalimu."

"Humu yamo manne. Nani kaandika sura ya kwanza?"

"Mimi."

"Ya pili?"

"Mimi."

"Mtu mmoja hawezi kumwita mwenzake hivi leo, kesho vile."

Gerson alizungusha kofia mikononi. "Kila kitabu kilimwita kivyake, mwalimu. Nikaona jina la mtu, tena askofu, mimi ni nani nilirekebishe? Kitambulisho changu wameniandika Gason. Tangu siku hiyo naogopa kugusa jina la mtu."

Maelezo yalikuwa mazuri, na kwa Esnath maelezo mazuri yalikuwa sababu nyingine ya kutoamini. Alivuta madaftari, akaweka kurasa zilizochapwa pembeni, akalinganisha mstari kwa mstari. Mwandiko ulikuwa mmoja. Kila wazo lilianza kwa Kiswahili, likafutwa, likaandikwa tena, ndipo likaingia kwenye Kiingereza na makosa yake yaleyale. Aibu ikamshika. Alikuwa amekwisha kufungua mdomo aombe radhi, alipofunua ukurasa mmoja zaidi wa daftari. Baada ya sura ya pili ilifuata ya nne.

"Ya tatu iko wapi?"

Gerson alitazama sakafu, akatazama mlango.

"Mwezi wa nne mke wangu alilazwa Mbeya, wiki tatu," alisema mwishowe. "Tarehe ya kumkabidhi mkufunzi sura ya tatu ikanikuta hospitalini. Kuna mwenzangu aliyemaliza mwaka juzi, aliandika juu ya askofu huyuhuyu. Akanitumia ya kwake. Nikaichomeka."

"Alilazwa wadi gani?"

Swali lilimtoka kabla hajalizuia. Gerson alimtajia wadi na hata namba ya kitanda, bila hasira, na hilo ndilo lililomuuma Esnath zaidi.

"Sasa anaendeleaje?"

"Anatembea. Anafika mpaka kisimani."

Esnath alichomoa sura ya tatu, ile pekee aliyoiamini, akamrudishia. "Hii siigusi. Kaandike ya kwako."

Wiki tatu baadaye Gerson alirudi na kurasa tisa na daftari jipya. Mstari wa kwanza kabisa ulisomeka tena "de las Casas". Esnath hakucheka. Alilinganisha kurasa zote tisa na daftari, ndipo akaondoa miwani.

"Sikia. Kwa Kiingereza, mara ya kwanza mpe jina zima, Bartolomé de las Casas. Baada ya hapo ni Las Casas. Hiyo 'de' unaiacha, 'Las' huiachi. Kulinyoosha jina lake siyo kumkosea, ndiyo kumheshimu."

"Nikibadilisha, si itakuwa kalamu yako, mwalimu?"

Esnath alimsukumia kalamu nyekundu. "Basi shika wewe."

Gerson aliinama mezani, akaanza ukurasa wa kwanza wa sura ya kwanza, akikata na kuandika juu yake polepole. Chai ilipoa. Esnath alijifanya anachambua maharage, lakini macho yalikuwa kwenye mkono ule. Kwenye ukurasa wa kumi na tano Gerson aliruka "Casas" mmoja, akafunua ukurasa uliofuata. Esnath alimwona, akajizuia, akangoja. Mwinjilisti alisita, akarudi nyuma mwenyewe, akaandika "Las".