Kinyozi wa Kichwa Kimoja

Pale Warwick Junction, Durban, karibu na wauza dawa za mitishamba, palikuwa na hema la bluu lenye kioo, kiti, benchi, na ubao wa maandishi mekundu: PRINCE JOSIAS BARBER. Ubao huo aliuchora Ameir, Mzanzibari muuza simu wa hema la jirani. Alimtania tu, kwa sababu Josias alikuwa na mwendo wa madaha hata akibeba ndoo ya maji machafu. Watu wakamwita Prince na kucheka. Josias alicheka kuliko wote, maana ulikuwa ukweli mtupu.

Baba yake alikuwa Mwami, mfalme wa milima ya Bulenzo huko Kongo, mwenye ngoma zake na ng'ombe wake. Josias ndiye kitinda mimba, na Bulenzo kitinda mimba wa Mwami hapewi shamba wala cheo. Anapewa wembe. Yeye peke yake ndiye humnyoa Mwami, na mkono wake haugusi kichwa cha mtu mwingine yeyote mpaka afe yeye mwenyewe. Kazi ya kichwa kimoja, jamani! Siku nyingine zote ni kula, kulala na kusalimiwa. Nani asingeitaka?

Vita vikaharibu yote. Mwaka 2008 Josias alijikuta Durban, wembe mfukoni na njaa tumboni. Alijaribu kupakua malori Clairwood. Wapi! Mgongo wa mtoto wa mfalme uligoma kabla ya saa sita mchana. Akalinda magari Queensburgh, akasinzia kazini, akafukuzwa. Duniani alijua kitu kimoja tu. Basi Mrundi mmoja, Vénérand, akamwomba amnyoe ili aende kutafuta kazi akiwa nadhifu. Josias alikataa. Akaombwa tena, akakataa tena. Mwishowe akamnyoa huku machozi yakimtoka, na Vénérand akamuuliza kama mafua yamembana. Kesho yake Vénérand alirudi na rafiki zake, wote wanataka kichwa kama chake.

Basi ikawa hivyo. Wakati wa Kombe la Dunia Josias alichora bendera kwenye visogo vya watu mpaka vidole vikafa ganzi. Akamwoa Marcelline, msusi mwenye ulimi mkali na mkono mwepesi. Alikuwa na furaha, na furaha hiyo ndiyo iliyomtia aibu. Kila baba yake alipouliza kwa simu anafanya biashara gani, alijibu, "Biashara ya watu, Baba," akageuza maneno haraka.

Kisha Mwami akafariki, na kaka mkubwa, Athanase, akashika nafasi yake. Lakini Mwami mpya hapigiwi ngoma kuu mpaka kitinda mimba amnyoe, na Josias hakuweza kurudi: karatasi zake za ukimbizi zingekufa, na wenye bunduki walikuwa bado milimani. Nywele za Athanase zikaota, ngoma ikakaa kimya. Mpaka siku moja mwaka 2013 alipopiga simu: anakuja Durban kununua lori kuukuu la kubebea kahawa. "Na utaninyoa, mdogo wangu."

Josias alikosa usingizi. Akisema ukweli, atanyang'anywa wembe wa baba yake na ndugu zake watamhesabu mtu wa nje. Akinyamaza, ngoma ya Bulenzo itapigwa juu ya uongo wake.

"Mwambie," alisema Marcelline.

"Ati amwambie!" Ameir aliruka. "Mnyoe nyumbani, apande ndege, yakhe. Nani atamwambia, wembe?"

Josias akafuata ushauri wa Ameir. Athanase akaja, mrefu, suti nzito, kofia kubwa iliyojaa nywele. Wakalinunua lori vizuri, wakashuka kwenye taxi pale Warwick, ambako taxi zote za mjini huishia, na Josias akamvuta mkono ili wapite upesi.

"Eish, Prince!" dereva mmoja wa Kizulu alipiga kelele kutoka kwenye benchi. "Nangoja tangu asubuhi!"

Athanase alisimama. Akausoma ubao polepole.

"Hema hili langu mimi, mheshimiwa!" Ameir alirukia, jasho linamtoka. "Wallahi, langu!"

Josias angeweza kunyamaza tu, mambo yakaisha. Lakini alimtazama kaka yake na kofia ile, akashindwa.

"Anadanganya, Yaya, kaka yangu. Hema iko yangu." Akautoa wembe, akaushika kwa mikono miwili. "Mkono huu umegusa vichwa vya nusu ya Durban. Chukua wembe wa Baba. Mtafute mwingine."

Athanase aliupokea. Alilitazama benchi: dereva, mchukuzi mmoja, na Vénérand, sasa mwenye kitambi.

"Hawa wote wanakungoja wewe?"

"Wananingoja mimi, Yaya."

Athanase akavua kofia. Nywele zikafumuka, na benchi zima likapiga mluzi. "Yo, baba," alisema dereva, "hilo ni blanketi!"

Mwami wa Bulenzo akacheka mpaka akashika kiuno. "Mimi nilisema umepotea," alimwambia Josias. "Kumbe ulikuwa unafanya kazi aliyokupa Baba, umeongeza vichwa tu." Akamrudishia wembe. "Nani wa mwisho hapa?"

Vénérand akainua mkono. Mwami akakaa kando yake, akangoja zamu yake kama watu wengine.

Zamu ilipofika, Marcelline alishika kitambaa cheupe, maana nywele za Mwami haziangushwi chini. Josias alinyoa taratibu, na Athanase akajitazama kwenye kioo kwa muda mrefu.

"Umenirudishia sura ya Baba," alisema, na wote wawili wakalia.

Wiki chache baadaye simu ya Josias ililia akiwa katikati ya kichwa cha yule dereva. Upande wa pili hapakuwa na salamu wala jina. Ilikuwa ngoma kuu ya Bulenzo. Josias akazima mashine ya kunyolea, akaweka simu kwenye spika, akaanza kucheza. Dereva, nusu ya kichwa ikiwa na nywele, akaambiwa asubiri.