Nilivyotengeneza hatch ya safu za msikiti kwa AutoCAD

Wakuu habari, na kwa ndugu zangu Waislamu, salaam aleikum. Hii imenitokea mimi mwenyewe hapa Isiolo na sitaongeza chumvi.

Mimi huchora ramani za majengo. Majuzi kamati ya msikiti mmoja upande wa Gotu ilinipa kazi ya kuongeza jengo kwa nyuma.

Msikiti wenyewe zamani ulikuwa duka, kwa hivyo kuta zake hazielekei kibla. Watu hutandika mikeka kimshazari na maisha yanaendelea.

Ubishi ulikuwa mmoja: wanawake. Wao huswali nje barazani, jua lao, vumbi lao. Mama Halima, mwanamke pekee kwenye kamati, alitaka waingie ndani. Mwenyekiti, Mzee Boru, alisema nafasi haitatosha hata tukiongeza. Ramani isipoonyesha vinginevyo, wanabaki nje.

Sasa nionyesheje nafasi ya kila mtu? Hatch, yaani michoro ya kujazia eneo, zilizomo kwenye AutoCAD ni matofali, mchanga, nyasi. Ukichukua user defined ukaweka double, unapata miraba tu, na mtu anayesujudu si mraba.

Nikafungua Notepad nikaandika yangu:

*SAFU, nafasi ya mtu
0, 0,0, 0,1.2
90, 0,0, 0,0.6

Mimi huchora kwa mita. Kwa hivyo hapo kuna mstari wa kulala kila mita 1.2, na wa kusimama kila sentimita 60. File iitwe SAFU.pat, jina sawa na la pattern. Na ukimaliza mstari wa mwisho, bonyeza Enter. Mimi sikubonyeza, ikakataa, nikaitukana laptop bure.

Nikapeleka print kwa kamati. Mzee Boru akaitazama, akacheka hadi akashika mbavu.

"Kijana, hawa watu wako wanaswali wakiangalia Kipsing badala ya Makka?"

Kweli, nilikuwa nimelaza safu sambamba na kuta kwa sababu inapendeza. Mimi ni mtu wa kanisa, viti vyetu hufuata ukuta. Niliona aibu sana.

Nikafungua laptop palepale, nikabadilisha angle ya hatch ifuate kibla. Ndipo nikaona ukuta mpya wa nyuma unakata safu vipande vipande. Nikauchora upya ufuate safu. Zikapatikana safu nzima nyuma ya wanaume, bila kugusa nafasi yao hata moja.

Mzee Boru akapitisha kidole kwenye screen akihesabu visanduku, akarudia tena.

"Haya. Wataingia."

Funzo langu: kabla ya kujaza hatch, uliza watu watageukia wapi. Wenye uzoefu na hizi file za pat, nikosoeni hapo chini, sinuni.

Halafu Mama Halima. Nilidhani atashangilia. Aliinama tu, akaweka kidole kwenye kisanduku cha mwisho kando ya ukuta.

"Hapa wekea mama yangu. Akishika ukuta, ataweza kuinuka."